Jitu Ndani ya Lumbesa

Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, wanyama walikuwa na nyumba, na mashamba, na majirani wa kuwasengenya, kama sisi tu. Sogeeni. Wewe Shija, toa mguu kwenye ungo wangu, huo ni mchele wa chakula cha mchana, si mkeka. Na nikishaanza sitaki maswali. Atakayeniuliza kitu nitanyamaza, halafu mtanijua.

Basi, palikuwa na nchi tatu zilizopakana.

Ya kwanza ni Nchi ya Mawe, walikokaa pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, anakaa kwenye miamba. Nchi ile haikuotesha kitu. Ukipanda mtama, jua linaukaanga palepale. Ukipanda kunde, unavuna kokoto. Kilichokuwepo ni chumvi tu, chumvi ya mawe, imejaa mlimani, unachimba mpaka unachoka.

Ya pili ni Nchi ya Tambarare, kwa tembo. Udongo mweusi! Huko mtama uliota hata ule uliomwagika njiani kwa bahati mbaya.

Ya tatu ilikuwa mbali, ng'ambo ya tambarare. Ndiyo Nchi ya Mto, kwa viboko. Wao walikuwa na mchele na samaki mpaka hawana pa kuviweka.

Ukitazama harakaharaka utasema Mungu aliwagawia wote, zamu ya pimbi ilipofika kapu likawa tupu. Pimbi wenyewe walisema hivyohivyo. "Sisi ni maskini kwa sababu nchi yetu ni mawe." Wakishasema hivyo, wanajilaza juu ya mwamba kuota jua. Wala hawakutoka pale. Walikuwa na msemo wao, "Pimbi hapiti kivuli cha jiwe lake," kwa kuwaogopa tai, na mtoto akiusahau alichapwa.

Sasa kati yao palikuwa na mama mmoja, jina lake Nyamizi. Mdogo, hata kwa pimbi wenzake alikuwa mdogo. Lakini sauti! Akiwaita mapacha wake, Kulwa na Doto, waje kula, tai huko juu wanapotea njia. Mumewe aliitwa Masanja, mpole, mchimba chumvi hodari, na alimpenda mkewe jamani. Kila asubuhi alimwachia Nyamizi upande wa mwamba wenye jua, yeye akakaa upande wa baridi anatetemeka, anasema, "Mimi napenda huku."

Siku ya siku, pu! pu! pu! Mawe yakatikisika. Anakuja Bwana Lugome, tembo mfanyabiashara, magunia mabegani, pua inayumba mbele.

Hapa nisikilizeni vizuri. Pimbi na tembo ni watani. Ndiyo, tangu enzi. Watazameni vidole vyao vya miguu mtaona ni ukoo mmoja, ila mmoja aliendelea kula. Na mtani ni mtani. Anakutukana, unacheka. Anakuchukulia kuku bandani, unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na mji mzima utakuzomea mpaka ulipe faini.

"Hodi, watani!" akanguruma Lugome. "Bado hamjaota mikia tu?"

"Karibu, mtani!" akajibu Nyamizi. "Na wewe hiyo pua bado inaburuta chini? Hujapata wa kukukatia?"

Kwa kwa kwa! Wakacheka wote. Kisha biashara ikaanza.

Lugome alitandaza gunia lake. Pimbi wakalijaza chumvi mpaka mdomoni. Wakadhani basi. Wapi! Akatoa wavu, akaushonea juu ya gunia, akasema, "Haya, endeleeni." Wakajaza tena, likafanya kilele, gunia likawa na mimba juu ya mimba. Hiyo ndiyo lumbesa. Hata sisi huku wakulima wanalia nayo mpaka leo, ila hayo tuyaache.

Ikaja zamu ya kulipa. Lugome akatoa kibaba, kibuyu kidogo kinachoingia ngumi ya mtoto. Akachota mtama, ukafanya kilele kizuri. Halafu akainua pua.

"Fyuuu!"

Kilele chote kikapeperuka, kikarudi kwenye mfuko wake. Kikabaki kibaba sawasawa na mdomo, pengine na pungufu kidogo.

"Mtani," akasema Nyamizi, "mbona gunia langu lina kilele na kibaba chako hakina?"

"Ah, mtani! Chumvi ni jiwe, inatulia. Mtama ni mwepesi, unapenda upepo. Nitaufanyaje?"

Kwa kwa kwa! Wakacheka tena, kwa sababu ni utani. Midomo ilicheka. Matumbo hayakucheka.

"Na safari hii," akaendelea Lugome, anafuta machozi ya kicheko, "ni lumbesa mbili kwa kibaba kimoja."

"Mbili!"

"Mbili, mtani. Huko nje chumvi haina soko. Watoto wangu wanailamba tu kidogo, wakichoka wanaitupa. Nainunua kwa kuwaonea huruma."

"Na viboko? Nasikia kuna viboko huko mbele."

"Viboko? Hao hawali chumvi! Kiboko akilamba chumvi anaharisha siku tatu, mto mzima hauogeki. Usiniulize nimejuaje."

Nyamizi akatazama kibaba kile. Nyumbani kwake chungu kilikuwa kimekauka tangu juzi. Kibaba kimoja ni uji wa siku mbili, na ukiutia maji mengi ni siku tatu. Lugome akamwona anavyokitazama. Akashusha sauti, akasema kwa upole kabisa:

"Mtani, nina wazo. Nipe Masanja. Mtama wangu umeanza kuiva, ndege wananimaliza. Aje akae juu kwenye dungu shambani kwangu, aamie ndege wasiule. Misimu mitatu tu. Nami nitakuachia vibaba vinne."

"Misimu mitatu!"

"Itapita tu. Watoto watakuwa wamekua."

Nyamizi hakucheka. Masanja naye akainamisha kichwa, akasema, "Mama Kulwa, vibaba vinne ni vingi."

"Nyamaza, baba Kulwa."

"Watoto wanalala na njaa."

"Nimesema nyamaza." Akamgeukia Lugome. "Mtani, sawa, tumesikia. Lakini mtu haondoki kama moshi. Wewe nenda na mzigo wako kwanza huko unakokwenda. Ukirudi utamkuta ameaga watu."

"Hapo umenena," akasema Lugome. "Nitarudi siku ya tatu." Pimbi wakamjazia na gunia la pili, Nyamizi akapokea kibaba chake. Lugome akaenda zake kunywa maji bondeni kabla ya safari, akayaacha magunia mawili yamesimama pale na vilele vyao.

Nyamizi na Masanja wakaingia ndani. Masanja akaanza kukunja nguo zake, shati moja na blanketi moja, kazi ya kufumba na kufumbua.

"Baba Kulwa, hebu acha hayo. Niambie kitu. Tangu uanze kuchimba umemuuzia mtani lumbesa ngapi?"

"Nitajuaje? Nyingi."

"Watoto wake ni wangapi?"

"Wawili."

"Watoto wawili wanalamba mlima?"

Masanja akaacha kukunja. "Sasa wewe unataka kusema nini?"

"Nataka kusema hatujui chumvi yetu inaliwa na nani. Babu yangu hakujua, baba yangu hakujua. Mimi nakwenda kuona."

"Pimbi hapiti kivuli cha jiwe lake!"

"Chumvi yangu inapita kila mwezi, mbona haijaliwa na tai? Nitaingia ndani ya lumbesa."

"Wewe mwanamke una wazimu! Mtani akikuona?"

"Si anataka kilele? Basi leo kilele ni mimi."

Masanja akataka kukasirika, akashindwa, akamshika mkono. "Usipoona kitu urudi hivyohivyo," akamwambia. "Mimi kuamia ndege siogopi. Naogopa kukaa bila wewe." Nyamizi akamkung'uta vumbi begani, maana angesema neno angelia. Watoto akawaachia uji. Akatoka, akafungua wavu wa gunia la pili, akatoa mawe mawili matatu ya chumvi, akajichomeka mle, akajifunika.

Lugome akarudi, akajitwika. "Lo, leo kilele kimekaa vizuri," akasema. Pu! pu! pu! Safari.

Njia ile iliingia moja kwa moja kwenye tambarare. Nyamizi alichungulia kwenye matundu ya wavu. Mtama kulia, mtama kushoto. Wakafika nyumbani kwa Lugome, nyumba kubwa, ua mpana, ghala tatu. Ya kwanza mtama. Ya pili mlango ulikuwa wazi, akaona mchele. Ya tatu ikamjia kwa pua, samaki wakavu.

"Mchele?" akajisemea. "Huku kwenye mtama mchele umetoka wapi?"

Lugome akalala kwake, kulipokucha akajitwika tena. Jua lilipofika utosini wakaingia kwenye gulio, kandokando ya mto. Viboko walikuwa wamejaa! Kina mama wamepanga matenga ya samaki, kina baba wanapiga makelele, "Mchele! Mchele wa sasa hivi!" Na inzi, jamani. Inzi walikuwa wengi kuliko wateja. Samaki walishaanza kulegea.

Lugome akashusha mzigo. Gunia la kwanza akalifungua, akatoa mawe ya chumvi, akayaweka juu ya bapa la jiwe, akayakanyaga. Tu! tu! tu! Chumvi ikawa unga. Akaufunga kwenye majani, vifungu vidogo vidogo, kila kimoja kama kidole gumba. Nyamizi kule kwenye kilele cha gunia la pili alihesabu mpaka akachoka, na gunia halijafika hata nusu.

Akaja mama mmoja kiboko mwenye kanga mbili, mkubwa wa wachuuzi pale gulioni. Ndiye Bi Sikudhani.

"Bwana Lugome, umechelewa! Samaki wangu wanaoza hapa. Kifungu leo ni vipi?"

"Kifungu kimoja, tenga moja la samaki na pishi mbili za mchele."

"Mbili! Juzi ilikuwa pishi moja!"

"Bi Sikudhani, dada yangu, unadhani mimi napenda?" Lugome akavuta pumzi, pua ikatetemeka. "Hamyajui majitu ya Nchi ya Mawe. Marefu! Vichwa vinagusa mawingu. Meno haya hapa! Yananiambia, 'Lugome, leta mchele mwingi, la sivyo tunashuka wenyewe mtoni.' Na unajua jitu lile linapenda kula nini?"

"Nini?"

"Kiboko. Wa kukaanga."

"Yalaa!" wakapiga kelele viboko, wakarudi nyuma hatua tatu.

"Mimi ndiye ninayewakingia. Nabembeleza, napiga magoti. Pishi mbili hizo ni za kuyatuliza tu, mimi mwenyewe sipati kitu."

Nyamizi mle ndani alishika mdomo. Kwanza alitaka kucheka. Majitu! Yeye ambaye akisimama wima anafika kwenye ukucha wa Lugome! Halafu kicheko kikakata. Akawaza chungu kilichokauka. Akawaza tenga la samaki kwa kifungu kama kidole, na lumbesa mbili kwa kibaba. Akawaza Masanja juu ya dungu, misimu mitatu, anapigia ndege kelele kwa ajili ya mtama ambao chumvi yake ilishaulipia mara mia. Hasira ikampanda mpaka manyoya yakasimama. Akavuta pumzi.

"LUGOMEEEEE!"

Mnakumbuka ile sauti ya kuwaitia watoto? Basi hiyo. Matenga yakaanguka. Inzi wote wakaondoka kwa pamoja, vuuu! Lugome akaruka, na tembo akiruka mjue jambo limemkuta.

"Na-na-nani?"

"Jitu la Nchi ya Mawe!"

Viboko wakamtazama Lugome, Lugome akalitazama gunia.

"Bwana Lugome," akanong'ona Bi Sikudhani, "umelileta?"

Sasa mwoneni Lugome. Akisema hakuna jitu, atakuwa amejiita mwongo mbele ya gulio. Akisema lipo, basi lipo. Na ubaya zaidi, moyoni alianza kuamini. "Mama yangu," akawaza, "majitu si nilitunga mimi mwenyewe? Uongo wangu umezaa!"

"Jibu! Mimi ni nani?"

"Ni... ni jitu, bwana mkubwa."

"Meno yangu je?"

"Marefu, bwana mkubwa."

"Na nimekutuma pishi mbili, mimi?"

Lugome akameza mate. "Ha-hapana."

"Nilikutuma ngapi?"

Lugome akajikuna sikio.

"NGAPI?"

"Hukunituma! Hukunituma hata punje! Bwana mkubwa, usinile, mimi nyama yangu ngumu!"

Bi Sikudhani akaweka mikono kiunoni. "Ahaa," akasema taratibu. "Kumbe."

"Wewe mama uliyesema kumbe," likanguruma gunia, "sema chumvi unaitaka ya nini."

Bi Sikudhani alikuwa anatetemeka, lakini ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akisikia bei inazungumzwa hofu hupungua. "Shikamoo, Jitu. Tunaitaka ya samaki. Samaki tunao wa kumwaga, ila bila chumvi kufika jioni wananuka. Nusu ya tunachovua tunakirudisha mtoni. Chumvi tungepata ya kutosha, tungekula mwaka mzima, na cha kumpa jirani kikabaki."

"Marahaba," akasema Nyamizi, na maneno yale yakamgusa. Kumbe huku watu wanatupa chakula kwa kukosa kile ambacho kwao watoto wanakirusharusha kwa mchezo. "Basi sikieni wote. Kuanzia leo kipimo ni kimoja. Kibuyu kitakachopima chumvi ndicho kitakachopima mchele. Kilele kwa wote, au fyuu kwa wote. Lugome, umesikia?"

"Nimesikia, bwana mkubwa."

"Chumvi tutaisaga wenyewe. Mawe ya kusagia tunayo tele, tumekosa cha kusaga tu. Na kila mzigo utakuja na mtu wetu wa kuusemea. Wewe kazi yako ni kubeba, na utalipwa fungu lako. Moja katika kila matano."

"Moja katika matatu," akasema Lugome. Mazoea hayo. Hata mbele ya jitu aliomba bei.

"LUGOMEEE!"

"Matano! Matano ni mazuri!"

"Apa mbele ya gulio."

Lugome akainua pua juu, akaapa. Wote wakasikia.

Bi Sikudhani akasogea karibu na gunia. "Jitu, sasa toka tukuone tukupe maji."

"Nikitoka mtacheka."

"Nani akucheke wewe?"

Wavu ukatikisika. Jiwe la chumvi likabingirika, la pili likafuata. Kikatokea kichwa kidogo cheupe kwa chumvi. Ikatokea mikono miwili mifupi. Akatoka Nyamizi, akapiga chafya, chya! Akasimama juu ya gunia.

Viboko wakatazamana. Kisha gulio likalipuka. Walicheka hadi wengine wakaanguka mtoni, chubwi! chubwi!

Lugome hakucheka. Masikio yalifunguka kama milango miwili. "NYAMIZI!"

Nyamizi akainua uso, akamtazama, akauliza kwa sauti ndogo, tamu kabisa:

"Mtani, umekasirika?"

Hapo! Pua ilikuwa imeshainuka, ikaganda hewani. Akisema ndiyo, amevunja utani wa mababu, na habari itafika kwao kabla yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Kikamtoka kicheko kichungu, "Hm. Hm." Halafu akamwangalia vizuri yule pimbi, mweupe pepepe, kasimama juu ya lumbesa ameshika kiuno, akakumbuka yeye mwenyewe alivyosema nyama yake ni ngumu. Kikamtoka cha kweli. Kwa kwa kwa! Akacheka mpaka akakaa chini.

"Umeniweza, mtani! Haki ya Mungu umeniweza."

"Ngoja kwanza," akasema Bi Sikudhani. Yeye kicheko kilikuwa kimekwisha. "Utani ni wenu nyinyi wawili. Mimi si mtani wako, Lugome. Mimi nakasirika."

Na viboko wote wakafungua midomo. Kinywa cha kiboko mmekiona? Sasa fikirieni arobaini. Wakamzunguka Lugome, wanamkaribia polepole.

"Mwacheni!" akapiga kelele Nyamizi. "Jamani, mwacheni! Huo mgongo tunauhitaji. Mimi lumbesa naweza kuibeba? Na wewe Bi Sikudhani, mlima ule utaupanda na jua lile? Utakauka kabla ya kona ya kwanza. Nyinyi mna samaki, sisi tuna chumvi, huyu ana mgongo na anaijua njia. Apate chake cha kubeba, lakini asitufumbe tena macho."

Bi Sikudhani akafikiri. Akafunga mdomo, kap. Wenzake nao kap, kap, kap. "Ni kweli," akasema. "Lakini tutakaa tunamtazama."

"Nitazameni," akasema Lugome kwa unyonge. "Mimi mwenyewe kuanzia leo nitajitazama."

Wakapima palepale, kwa kibuyu kimoja. Chumvi kilele, mchele kilele. Samaki wakatiwa chumvi ya kutosha kwa mara ya kwanza, wakaacha kulegea. Na Lugome akapewa fungu lake moja katika matano, akaligeuzageuza, akaona mbona si haba. Bi Sikudhani akamfungia Nyamizi samaki wawili wakubwa, "Wa watoto, mwanangu," akampandisha mwenyewe juu ya kichwa cha tembo, katikati ya masikio.

Huku nyumbani ilikuwa siku ya tatu. Masanja alikuwa mlangoni na kifurushi chake begani. Kulwa amemng'ang'ania mguu wa kulia, Doto wa kushoto. Mkewe hajaonekana, naye alishaanza kufikiria mabaya. Pu! pu! pu! Akamwona Lugome anakuja, akajikaza kiume, akasema kabla hajaulizwa:

"Niko tayari, mtani. Ila kwanza niambie mke wangu umemwona wapi."

"Tayari kwa lipi?" akasema Lugome. "Kwanza mchukue huyu mkeo, ana kelele, masikio yangu yamekufa. Halafu ushushe magunia yako ya mchele, mgongo unaniuma."

Nyamizi akateleza kwenye pua, tereee, mpaka chini.

Masanja alimshika mkewe mabega, akamtazama huku na huku kama tai wamemdonoa popote, kisha akalia palepale, mbele ya watoto na mbele ya mtani, wala hakuona haya. "Huendi popote," Nyamizi akamwambia. "Umesikia, baba Kulwa? Ndege watajiamia wenyewe." Kulwa na Doto wakakivuta kifurushi begani kwa baba yao, wakakifungua, wakajifunika blanketi wote wawili na kuanza kukimbizana nalo.

Mchana ule moto uliwaka. Nyamizi akapika wali, akachoma samaki mmoja, akamwekea Masanja kipande. Pimbi wa jirani walikuwa wameshajaa mlangoni kutaka habari. Masanja akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, macho yamemtoka.

"Mama Kulwa, umetia nini humu?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Hii yetu. Ile uliyochimba wewe."

Masanja akakitazama kipande kile kwa muda mrefu. "Maisha yangu yote naichimba," akasema, "sijawahi kuwa na kitu cha kuitia."

Kesho yake, kabla jua halijapanda, pimbi kumi walisimama mlangoni kwa Nyamizi, wamebeba mawe ya kusagia, wanabishana nani ataandamana na mzigo ujao.

Nami hapo nimeshusha, atakayependa na ajitwike: mwenye kuuza mzigo wake na aufuate, ajue unakoishia.